Goli la Kaskazini

Jumamosi, 6 Julai

Chala. Uwanja wa sitini na nne. Nyasi zimekauka. Goli la upande wa barabara, mita saba na sentimita ishirini na nane. La upande wa shule, saba na thelathini na tano. Milingoti ya mkaratusi, mmoja umeliwa na mchwa chini. Uwanja umeinama, mpira ukiwekwa kwenye kona unajiondokea wenyewe. Nyuma ya goli kuna kichuguu, mashabiki wanakalia hicho. Nimeupenda.

Nimechuchumaa kwenye mlingoti nasoma tepu, wakatokea wanaume wanne. Mama, unazika nini hapo? Nazika nini! Nikasema napima goli. Kwa nini? Kwa sababu napenda. Wakaangaliana. Unatokea wapi? Nikasema Sumbawanga mjini, nikawa nimejimaliza mwenyewe. Wakamwaga mfuko wangu wote chini: tepu, daftari, chupa ya chai, viazi vitamu vinne vya kuchemsha. Wakanilazimisha nile kiazi kimoja mbele yao waone kama ni dawa. Nikala. Kilikuwa kitamu. Nikawaambia mwalimu mstaafu wa miaka sitini na moja, afisa elimu kata mzima, analishwa kiazi kwa nguvu na watu wasiomjua, na bado mnataka watoto wenu wawe na adabu.

Watu wa mikoa mingine wakitutania kwa uchawi tunanuna. Halafu sisi kwa sisi ndio hawa. Nimerudi na pikipiki upepo wa kifua kizima. Nina hasira mpaka sasa.

Jumapili, 7 Julai

Misa ya kwanza. Nimefua. Nimenakili Chala kwenye daftari kubwa.

Mchana amekuja Leonsi, mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Nyuki. Amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amekunywa chai vikombe viwili, amesifu bustani. Nikajua ana shida. Akatoa bahasha. Klabu inafanya Siku ya Nyuki tarehe ishirini. Wametunga kijitabu cha historia. Wanataka mtu wa kunyoosha Kiswahili kabla hakijapigwa chapa. "Mwalimu, hapa Mazwi nani mwingine kama wewe?"

Akaondoka. Nikafungua. Ukurasa wa tisa: *Mwaka huo tungepanda daraja, lakini tulisalitiwa na kipa wetu wenyewe aliyeuza mechi na kuiachia klabu mkosi hadi leo.*

Jina hawakuandika. La nini? Kila mtu Mazwi analijua. Ni Deusi. Kaka yangu, tumbo moja.

Wameniletea mimi nisahihishe.

Jumatatu, 8 Julai

Sikulala vizuri. Nimesahihisha kurasa nane kwa kalamu nyekundu. Makosa ya *h* na ya nafasi. Nimefika ya tisa nimeweka kalamu chini.

Niandike basi yote, kwa kuwa sijawahi kuyaandika. Miaka thelathini na tatu iliyopita. Nyuki nyumbani, wageni kutoka Mpanda. Sare ilitutosha kupanda. Kaka golini, goli la kaskazini, kipindi cha pili. Dakika za mwisho mtu wa Mpanda akapiga shuti la mbali, halina hata nguvu. Kaka akalitazama. Hakuruka. Akainua mikono juu, vile makipa wanavyofanya mpira ukiwa unatoka. Ukapita kati yake na mlingoti wa kushoto, ukalala ndani.

Moja bila.

Alisema neno moja tu siku ile na hajaliongeza tena: "Ule mpira ulikuwa nje." Walimcheka. Walimpiga. Leonsi huyu huyu, beki namba tatu, ndiye aliyeanza. Jioni wakatupa mawe juu ya bati la nyumba yetu. Mama analia chini ya meza. Baba, katekista wa kigango, kakaa kwenye kiti chake anasali rozari, hakufungua mlango wala mdomo. Asubuhi kaka akateremka bondeni, Kaoze, hajapanda tena huku juu. Hata baba alipofariki hakuja kuzika. Kwa hilo nilimkasirikia mimi mwenyewe.

Na mimi, mpenda viwanja, viwanja sitini na nne, Mpanda, Laela, Namanyere, mpaka Tunduma kwa pikipiki. Uwanja wa Nyuki uko dakika kumi kutoka hapa. Sijaukanyaga tangu siku ile.

Jumatano, 10 Julai

Nimeenda.

Nilijiambia ni kwa ajili ya daftari tu. Kijitabu kinasema magoli ya zamani yatang'olewa, mapya ya mabomba meupe yameshatengenezwa. Usipolipima sasa hulipimi tena.

Goli la kusini: saba na thelathini na mbili. Kamili. Nikashangaa, maana ni mara chache sana.

Goli la kaskazini: nane na sifuri saba.

Nikadhani tepu imepinda. Nikapima tena. Nane na sifuri saba. Nikapima juu kwa kutumia fimbo, nikapima chini. Nikakaa kwenye nyasi. Upepo umenipulizia vumbi machoni na sikufumba.

Goli moja limezidi jingine kwa sentimita sabini na tano. Hiyo ni hatua ya mtu mzima.

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudi asubuhi, kwenye mwanga. Juu, karibu na mlingoti wa kushoto, mtambaa panya umeungwa. Kipande cha bomba jingine, jembamba kidogo, kimechomelewa, kikapakwa rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Chini, zege la mlingoti wa kushoto si zege la ile mingine. Lina changarawe nyekundu.

Yule mama anayefagia uwanja akanisogelea. Akasema hilo goli lina mkosi, mwalimu, timu zote zinafungwa hapo. Manahodha wakishinda shilingi wanalikimbia. Ati kaka yako alizika kitu.

Mkosi! Sentimita sabini na tano za mkosi!

Kaka alikuwa golini mle miaka sita. Hakuwa akigeuka kutazama nyuma. Alikuwa akirudi kinyumenyume, hatua tatu kutoka katikati, mkono unagusa mlingoti wa kulia, na wa kushoto anaupigia hesabu tu. Alilijua lile goli kama mtu anavyojua kitanda chake gizani. Sasa nani alilipanua, na lini? Kama lilipanuliwa kabla ya mechi ile, mpira ulikuwa nje. Kaka alisema kweli, na sisi sote tulikuwa wajinga.

Jumamosi, 13 Julai

Kwa Leonsi, dukani kwake, anauza mbolea na madawa ya mifugo. Nimemwekea vipimo mezani. Akavaa miwani, akavua. Akasema viwanja vyetu ndivyo vilivyo, mwalimu, vya kienyeji. Nikasema la kusini lina vipimo kamili, mafundi walewale, siku ileile, hili likawaje la kienyeji? Akasema huenda lilitengenezwa baadaye. Nikasema basi tumtafute aliyelitengeneza. Hapo akabadilika uso.

"Mwalimu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Ananirushia methali! Mimi nilifundisha methali hiyo miaka thelathini. Ina maana usihangaike na ugonjwa uliokwisha kupona. Huu haujapona, Leonsi. Wameuandika upya kwenye ukurasa wa tisa na wataupiga chapa. Nikamwambia aufute. Akasema kijitabu ni cha kamati, si chake. Nikamuuliza nani alimpiga kaka kwanza, kamati au yeye? Wateja wawili wakatoka bila kununua.

Nimeacha kijitabu chake pale pale juu ya mifuko ya mbolea. Bila kusahihisha kingine.

Jumatatu, 15 Julai

Mafundi wa kuchomelea wa miaka ile walikuwa wawili mji mzima. Mmoja amekufa. Mwingine ni mzee Abeli, yuko nyuma ya soko, macho yameharibiwa na moto wa kuchomelea, haoni sawasawa.

Nimempigia magoti, shikamoo. Akanitambua kwa sauti. Nikauliza moja kwa moja. Akasema nilijua iko siku mtu atakuja, ila sikujua atakuwa wewe.

Ilikuwa siku moja kabla ya mechi. Kamati ya ufundi. Jina zuri kweli, ufundi! Kila klabu inayo na kila klabu inakana. Walikuwa wameambiwa na mtaalamu wao, yaani mganga, wazike kitu chini ya mlingoti wa kushoto wa kaskazini, chini kabisa ya zege. Wakachimba. Zege likavunjika, shimo likapanuka, mlingoti ukalala. Wakausimamisha upya pembeni, kwenye ardhi ngumu, kwa sababu mtaalamu alikataza shimo lile lisifunguliwe tena. Mtambaa panya ukawa mfupi. Wakamwita Abeli aunge. Aliwaambia, jamani goli hili limekuwa kubwa. Wakamwambia unga, usipige kelele, magoli mengine mengi hayalingani.

Hakuna aliyemwambia kipa.

Nikamuuliza nani alikuwa pale. Akataja wanne, wote marehemu. Watatu sikushtuka.

Wa nne ni baba.

"Yeye ndiye aliyeniletea kipande cha bomba, mwalimu. Kilikuwa cha uzio wa kigango."

Jumanne, 16 Julai

Baba.

Katekista. Aliyetufundisha amri kumi kwa kiboko.

Nimeosha vyombo vilevile mara mbili.

Jumatano, 17 Julai

Kaoze. Nimeteremka mlima na pikipiki asubuhi, baridi juu, joto chini, nimevua sweta njiani. Ng'ombe barabarani kila mahali. Kaka alikuwa akipukuchua mahindi kibarazani. Wifi Kabula kanipokea kwa Kisukuma na kicheko, kaniwekea maziwa ya mgando, kaniambia nimekonda. Yeye husema hivyo kila mwaka.

Sikuweza kungoja. Nikamwambia vipimo. Nikamwambia maneno ya mzee Abeli. Nikasema, kaka, ulikuwa nje. Ule mpira ulikuwa nje!

Akaendelea kupukuchua.

Akasema, "Najua."

Anajua! Miaka ishirini na tisa anajua! Baba alishuka huku mara moja, akaleta gunia la maharage, akakaa pale pale nilipokaa mimi, akamwambia yote. Alilia. Akamwomba asiseme, maana padri angemwondoa ukatekista, na watu wangesema sala zake zote zilikuwa za uongo. Kaka akamwitikia. Ndiyo sababu hakuja kuzika. Alisema angesimama kaburini asikie watu wakimsifu mzee kwa ukweli wake, asingeweza kuzuia mdomo.

Nilimfokea. Nilimwambia umejifanya mtakatifu, umetuacha sisi tukitemewa mate. Mama alikufa akiamini wewe ni mwizi. Aliacha kupukuchua hapo. Hilo lilimpata, na nililisema makusudi ili limpate.

Akasema, "Kalista, mdogo wangu, mzee amelala. Usimfukue."

Nikasema mzee alikulalia wewe. Wifi Kabula akachukua bakuli la maziwa akaingia ndani.

Nalala kwao. Hatusemezani.

Alhamisi, 18 Julai

Nimerudi. Asubuhi kaka alinifungia mahindi kwenye mfuko, nikayaacha. Nimepitia uwanjani kabla ya nyumbani. Magoli ya zamani yameng'olewa! Mapya meupe yamesimama, yanang'aa. Walikuwa wayang'oe Jumatatu baada ya sherehe. Leonsi ameharakisha. Mashimo yamefukiwa na kushindiliwa.

Kwanza nilikata tamaa. Nikasimama pale kama mjinga na kofia ya pikipiki mkononi.

Halafu nikazunguka nyuma ya chumba cha wachezaji. Mitambaa panya miwili, wameitupa kwenye magugu wakingoja wanunuzi wa chuma chakavu. Wameilaza pamoja, mmoja kando ya mwingine, kama vijiti vya kuokea samaki. Mtu yeyote mwenye jicho moja ataona. Mmoja umeupita mwenzake kwa hatua nzima, na pale ulipozidi ndipo penye kiraka.

Nilicheka peke yangu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Leonsi imeishia kwenye magugu.

Ijumaa, 19 Julai

Kijitabu kimetoka. Mtu wa kamati kaniletea nakala, ana aibu, hakuniangalia. Ukurasa wa tisa wamelainisha: *tulipoteza kwa makosa ya kipa wetu.* Makosa! Wanadhani wamenifanyia hisani.

Siwezi kuamua. Niandike nione.

Nikisema: jina la kaka linasafishwa, jina la baba linachafuka. Kaka mwenyewe hataki. Kigango kitanisema. Wanawake wa jumuiya watanisema.

Nikinyamaza: kaka atakufa mwizi. Watoto wake kule chini wanaitwa watoto wa mwuza mechi, nimesikia kwa masikio yangu mnadani. Wajukuu watarithi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alikuwa nguo yetu.

Nimewasha mshumaa mbele ya picha yake. Nimeuzima. Alikaa kwenye kiti akisali rozari huku mawe yanagonga bati, na alijua. Kila punje aliyoipitisha mkononi alijua. Sitamsamehe hilo leo.

Nitasema.

Jumamosi, 20 Julai

Siku ya Nyuki. Watu wengi, ngoma, vumbi, wali na nyama ya ng'ombe. Mkuu fulani wa wilaya alitakiwa kuja, hakuja, wakaleta mwakilishi. Leonsi kavaa suti ya njano na tai nyeusi. Wachezaji wa zamani wakaitwa katikati mmoja mmoja, wazee sasa, vitambi, mmoja anatembelea mkongojo. Wakapigiwa makofi. Jina la kaka halikuitwa.

Nikaenda mbele. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha ualimu, kile cha mikutano. Mshereheshaji alidhani nimekuja kutoa zawadi, akanipa kipaza sauti mwenyewe. Asante, kijana wa watu.

Nilisema shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nikawaomba wachezaji wa zamani wanisaidie kazi ndogo. Nyuma ya chumba kuna vyuma viwili, tafadhali wavilete hapa katikati. Leonsi akasimama. Nikamwambia kaa, mwanangu, sijamaliza. Nilitumia sauti ya darasani. Akakaa! Baadaye akasimama tena lakini alikuwa amechelewa, vyuma vilishafika. Kila kimoja kimebebwa mabegani na wazee sita. Wakaviweka chini kwenye nyasi, sambamba, ncha zimelingana upande mmoja. Nikangoja.

Mwenye mkongojo ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa winga wa kulia. Akapiga hatua kutoka mwisho wa ule mfupi mpaka mwisho wa ule mrefu. Hatua moja. Akarudia. Akasema kwa Kifipa neno ambalo haliandikiki.

Hapo nikasema. Yote. Kamati ya ufundi, shimo, zege, kiraka. Kwamba Deusi alisema mpira ulikuwa nje, na ulikuwa nje. Kwamba watu wanne walijua na mmoja wao ni baba yangu mzazi, katekista, nami sijaja kumficha. Sauti ilinikatika pale. Nikaendelea bila sauti, mshereheshaji akanishikia kipaza karibu.

Ngoma ziliwekwa chini.

Kisha kelele. Wengine ni uongo, wengine nilijua mimi, nilijua! Mwanamke mmoja akanifokea kwamba nimemtukana marehemu. Mzee Abeli akainuliwa kwenye kiti cha plastiki na wajukuu wake, akaulizwa, akasema ndiyo, kila neno ni hivyo, mimi ndiye niliyeunga. Leonsi alikuwa amekaa. Suti ya njano. Alikuwa akitazama ngumi yake ya kulia, anaifungua na kuifunga.

Mechi ya kirafiki haikuchezwa.

Jumapili, 21 Julai

Misa ya kwanza. Benchi letu wamehama wawili. Sawa, wamenipa nafasi. Padri hakuhubiri jambo hilo, lakini alinipa mkono mlangoni akaushika muda mrefu. Sikujua kama ni pole au onyo.

Jioni nyumbani nilikaa na nikaogopa. Siogopi Mazwi. Namwogopa kaka. Nimempigia simu, haipokelewi. Mwishowe wifi Kabula akapokea, akasema kaka yako amesikia, habari ilifika bondeni kabla ya jua kuzama. Anasemaje? Ameenda kwa ng'ombe.

Nimefanya niliyoyafanya. Siyajutii. Lakini hakuna aliyenipongeza ambaye nilitaka anipongeze.

Alhamisi, 25 Julai

Leonsi amekuja. Hakukaa. Alisimama uani, kofia mkononi. Akasema klabu imefuta ukurasa wa tisa, watabandika karatasi nyingine. Nikasema karatasi ya kubandika inabanduka. Akasema wataupiga chapa upya. Akataka kuondoka, akarudi. Akasema ngumi ile hata yeye ilimuuma. Nikamwambia usiniambie mimi. Njia ya Kaoze unaijua. Akasema anaogopa.

Aogope tu. Sikumpa chai.

Jumatatu, 29 Julai

Hakuna habari kutoka chini. Upepo mkali, umeng'oa bati la choo cha jirani. Nimeng'oa magugu kwenye bustani yote, hata yasiyo magugu.

Jumatano, 31 Julai

Kaka amekuja. Hakuniambia. Saa nne asubuhi nimesikia hodi, nikafungua, amesimama na mfuko wa mahindi niliyoyaacha. Ameshuka kwenye lori la mpunga. Alikuwa akitetemeka, ana shati moja. Akasema amesahau baridi ya huku.

Sikumuuliza kama amenisamehe. Hakusema. Nikampa chai na viazi. Akala akitazama paa. Bati lile lile, bado lina mabonde ya mawe. Nilikuwa nikiyaona kila siku bila kuyaona.

Akasema nimpeleke kwa mzee.

Tumepanda pikipiki. Yeye nyuma, mzito, kanishika mabega. Kuna waliotutazama njiani. Wengine walisimamisha baiskeli.

Makaburi ya kigango. Mimi nimebaki getini na pikipiki. Sikuweza kuingia. Yeye akaingia, akatafuta kidogo, akalipata. Hakupiga magoti. Alisimama muda, mikono nyuma. Kisha akainama akaanza kung'oa nyasi, polepole, upande mmoja na kisha mwingine, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Mlinzi wa makaburi akatoka kwenye kibanda chake, mtu wa kuja, hakuwahi kutujua. Akamwamkia. Akamuuliza, mzee wangu, wewe ni mgeni wa wapi?

Kaka akanyooka. Akajifuta udongo kwenye suruali.

"Si mgeni," akasema. "Mimi ni mtoto wa katekista huyu."

Niliyasikia nikiwa getini. Nilikuwa bado na hasira. Nikashusha stendi ya pikipiki, nikaingia ndani.